Sanda ya Nikolaus

Jumapili, 3 Novemba 1974

Wewe unayesoma, sikujui, lakini nakusihi: yaliyomo humu yaishie machoni pako. Usimsimulie mwenzio wa chumbani, usimsomee jirani, usiyataje hata kwa mzaha. Mimi ni karani wa serikali, nina miaka ishirini na miwili, na mshahara wangu ndio chakula cha mama yangu. Neno moja likitoka humu likaingia katika sikio lisilotutakia heri, tumekwisha sote wawili, mimi na mama.

Naitwa Fakhria. Ofisi yetu hapa Tabora ndiyo inayotoa vibali vya ngoma na dansi. Tangu duka la marehemu baba, Mwarabu mzaliwa wa hapa, lifungwe, mama yangu, Bi Khole, hushtuka kila mtu anapobisha hodi, na mimi nimeuchukua mshtuko huo kama wengine wanavyochukua pua ya mama zao. Shuleni nilifundishwa hesabu na Kiingereza. Kuogopa nimefundishwa nyumbani.

Siri ya kwanza naiandika upesi kabla sijaghairi: naupenda muziki wa Orkesta Ngurumo.

Jumanne, 5 Novemba

Wanarudi! Ombi lao la kibali limefika mezani kwangu leo. Jumapili tarehe 8 Desemba, hapa Tabora, mkesha wa sherehe za Uhuru. Wanakuja kwa treni kutoka pwani, wakipiga Morogoro, Dodoma, Itigi, kisha hapa kwao, halafu Bukene mpaka Mwanza.

Asiyewajua Ngurumo nimwelezeje? Walikuwa mafundi wa karakana ya reli. Badala ya kengele walining'iniza kipande cha reli wakakigonga kwa nyundo, na gitaa la Nikolaus, kiongozi wao, lilitoka kwenye spika likikwaruza kama breki za gari la mizigo. Wazee walisema ni makelele. Vijana waliuita muziki wa chuma. Nilikuwa na miaka kumi na minne walipogombana wakatawanyika, na nikalia chini ya shuka ili mama asisikie.

Mkuu wangu, Ndugu Modest, kalisoma ombi akavuta pumzi. Ni mtu wa Bukoba, ana miezi mitatu tu hapa. "Makelele haya mkesha wa Uhuru?" akasema. "Ikitokea fujo, Fakhria, atakayehojiwa ni mimi." Kisha akatia sahihi, kwa shingo upande.

Ijumaa, 8 Novemba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatazama, yanaondoka.

Jumanne, 12 Novemba

Dirisha la chumba changu liko juu kidogo ya kibaraza cha fundi Selemani, mshona viatu. Jioni mashabiki wa Ngurumo hukusanyika hapo, na Tekla, muuza chai, huweka jiko lake pembeni. Mimi hukaa ndani na taraza yangu ya kushona, nakshi za kanzu. Wanajua nipo. Siku nyingine Tekla hunipitishia kikombe katikati ya nondo.

Selemani ni Mzaramo. Babu yake alifika na misafara ya zamani, akaoa hapa, hakurudi. Nikolaus ni Mnyamwezi wa Lusu. Kwa hiyo wao ni watani, na kwa watani hakuna tusi. Selemani hamwiti kwa jina. Humwita "yule mpagazi," mbeba mizigo wa misafara.

"Ule mkwaruzo wa gitaa lake mnadhani katoa wapi?" Selemani alikuwa anawauliza leo, ameinua sindano yake kubwa ya kushonea viatu. "Spika ile nimeitoboa mimi, kwa sindano hii hii! Alikuja analia, spika imechanika kidogo. Nikamwambia lete niimalizie. Nikaichoma choma. Alipoipiga, mbwa wa mtaa mzima walihama."

"Kila mwaka matundu yanaongezeka," Tekla akasema. "Mwaka juzi yalikuwa matano."

"Wewe chai yako ina matundu, maji yamebaki peke yake."

Nilicheka mpaka nikajichoma kidole.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza. Mji mzima unanuka udongo. Mama ametoa ndoo zote nje.

Jumanne, 19 Novemba

Nassibu, gadi wa treni, amerudi zamu. Alikuwa Morogoro siku ya dansi! Walimkalisha kitako kama bwana harusi.

"Haya, sema. Sauti ipo?" Selemani akaanza.

"Nusu."

"Nusu gani?"

"Nusu ya chini ipo. Ile ya juu, ya ule wimbo wa 'Behewa la Mwisho', akifika pale anageuza uso, anawaachia watu waimbe."

Kibaraza kikalipuka. Mmoja akasema bora wasingerudi, mtu abaki na kumbukumbu yake. Mwingine akasema gari likizeeka linapakiwa mzigo mdogo, halitupwi. Tekla akauliza kama anayegonga reli ni yule yule.

"Yule yule. Kanenepa. Amegonga mpaka nyundo ikaruka ikampiga mpiga tarumbeta."

"Hao ndio Ngurumo!" Selemani akapiga paja. "Sasa nyamazeni mimi mtani wao niseme. Hawa watu walikufa mwaka sitini na sita. Walizikwa? Hawakuzikwa. Matanga tulikaa? Hatukukaa. Wamejifia njiani kama wapagazi wa kale, sasa wanataka kufufuka hivi hivi, bila utaratibu! Haiwezekani. Akifika hapa Nikolaus namzika kwanza, jukwaani, mbele ya watu. Sanda nimeshanunua."

Akaitoa kweli chini ya benchi, kitambaa cheupe, kipya. Watu wakaanguka kwa kicheko. Msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha wafiwa na kulala kaburini mpaka alipwe, kila mtu hapa anajua. Nassibu akalala kwenye mkeka ajaribiwe urefu.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Ndugu Modest alikuwa na huzuni, amepata habari kwamba mwanawe wa mwisho anaumwa huko kwao. Tulikuwa tunakunywa chai. Nikataka kumchangamsha. Nikasema, "Ndugu, mji unawangoja Ngurumo. Hata sanda ya Nikolaus imeshanunuliwa."

Hakucheka.

"Sanda?"

"Ni fundi viatu wa jirani. Anasema akifika tu anamzika, jukwaani." Mimi nilikuwa bado natabasamu. Tabasamu langu lilibaki peke yake chumbani.

Nikaanza kueleza habari ya utani, lakini simu ikalia, akaipokea, na alipomaliza akavaa kofia akatoka. Hakurudi mpaka nilipofunga ofisi.

Jumamosi, 23 Novemba

Wamemchukua Selemani.

Nilikuwa dirishani. Walikuja askari watatu na mkuu wao wa kituo. Nitaandika yote, kwa sababu nikifumba macho naona yanarudi yenyewe.

Mkuu wa kituo alisalimia vizuri. Akauliza, "Fundi, ni kweli umenunua sanda?"

Selemani hakusimama hata. Alikuwa na misumari midogo mdomoni, akaitema kwanza mkononi. "Kweli, afande."

"Ya nani?"

Angesema lolote. Angesema ya shangazi yake. Lakini aliulizwa habari za mtani wake mbele ya watu, na mtu wa huku akiulizwa hivyo hawezi kujizuia, ni kama kumshika mtu kwapani. Akasema, "Ya Nikolaus wa Ngurumo. Na kaburi nimeshapima, ila sijui kama litatosha, wapagazi wana miguu mirefu."

Kibarazani walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwongezea mzigo. Waliipata sanda chini ya benchi, wakachukua na kisu cha kukatia ngozi na ile sindano kubwa. Walipomshika mkono ndipo alipoelewa kwamba si mchezo. Aligeuka akatazama watu mmoja mmoja, akatazama na dirisha langu. Hakuwa ananituhumu. Alikuwa ananiaga.

"Ni utani, afande!" Nassibu akapiga kelele. "Utani tu!"

"Wewe ni nani wake?"

"Rafiki yake."

"Ndiyo maana," akasema mkuu wa kituo.

Viatu vya watu vimebaki pale kibarazani vinanyeshewa. Mimi niliviingiza ndani, jozi moja moja, baada ya watu kuondoka.

Jumatatu, 25 Novemba

Kibali kimesimamishwa. "Mpaka usalama uthibitishwe," kasema Ndugu Modest. Alinisifu mbele ya makarani wengine bila kutaja sababu.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua. Sikula.

Alhamisi, 28 Novemba

Kibarazani hawazungumzi tena habari za sauti ya Nikolaus. Wanazungumza jambo moja: nani kapeleka maneno?

Wamempata. Tekla.

"Nani mwingine?" alisema mmoja. "Kila siku anapeleka chai kituo cha polisi."

Tekla alikuwa amesimama na birika. "Mimi? Selemani ndiye aliyenipa mahali hapa pa kuweka jiko!"

Waliweka vikombe chini vikiwa vimejaa, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka. Alivimwaga kwenye mfereji. Hakutazama dirishani kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni ili asinione.

Ijumaa, 29 Novemba

Leo nimejaribu. Niliingia kwa Ndugu Modest nikasimama mbele ya meza yake.

"Ndugu, yale maneno ya sanda. Yalikuwa mzaha. Sikukueleza yote."

Alifunga mlango. "Fakhria, mimi nimeshayapeleka juu. Nimesema mtoa habari wangu ni mtu wa kuaminika, na kwamba yule fundi alitamka kwa hasira. Sasa ukiyageuza, mwongo nani? Mimi au wewe?"

"Hakusema kwa hasira, Ndugu."

"Mtu anayenunua sanda ya mtu mzima ana furaha?"

Nilimtazama. Hakuwa anadhulumu kwa kupenda. Jasho lilikuwa linamtoka. Alisema taratibu, "Mwenzangu mmoja mkoa mwingine aliachia dansi, watu wakapigana, kafukuzwa. Mimi nina watoto watano. Jina lako sijalitaja popote. Nimekulinda. Nilinde na mimi."

Nimeogopa watu wengi maishani mwangu. Sikuwa nimewahi kuona mtu anayeogopa kama mimi akiwa upande wa pili wa meza.

Jumapili, 1 Desemba

Nassibu alipiga hodi kumletea mama mchele wa Itigi. Mama akaangusha sinia.

Jumanne, 3 Desemba

Habari za Dodoma zimefika na treni, na zimesimuliwa kama msiba. Walipiga saa tatu mfululizo. Umeme ulikatika, wakaendelea kwa reli na ngoma. Nikolaus aliposikia mtani wake yuko mahabusu aliweka gitaa chini, akasema Tabora atafika, kibali kiwepo kisiwepo.

"Akija bila kibali watamfunga na yeye," mmoja akasema.

"Basi Selemani atapata mwenzake wa kumzika," Nassibu akasema. Wamesikia kesi itapelekwa mahakamani baada ya Uhuru. Kutishia kuua. Miaka.

Jiko la Tekla halipo. Mahali pake pana duara jeusi, mvua inalifuta.

Jumatano, 4 Desemba

Nilimwambia mama. Sikukusudia. Alinikuta nimeshika kiatu cha mtu, napigilia kisigino kilicholegea kwa jiwe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama kuta zina watu, "Mwanangu, baba yako alikuwa na maneno mazuri ya kujibu, na hakuyasema. Sisi mji huu tumekaa kwa kunyamaza."

"Na duka likafungwa vile vile, mama."

Nilidhani nimemvunjia heshima. Akachukua kile kiatu, akakigeuza, akasema, "Misumari umepiga kinyume. Huyu mtu atachomwa. Mwenye kazi yake arudi."

Ijumaa, 6 Desemba

Naandika upesi, samahani kwa maandishi.

Treni iliingia asubuhi. Nilisikia kelele za stesheni mpaka ofisini. Saa sita nikatoka, sikuaga. Nilikwenda kwanza kwa Tekla. Nikamshika mkono, nikamwambia tufuatane, na njiani nikamweleza. Aliuchomoa mkono wake. Lakini hakuacha kutembea.

Kibarazani walikuwa wamejaa. Katikati, kwenye kigoda cha Selemani, alikaa mzee mwembamba mwenye mvi, miguu mirefu kweli. Nilimjua kwa vidole. Nilizoea kumwona kwenye bango la ukutani, na sasa alikuwa na meno mawili pungufu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti."

"Maneno ya sanda nimeyapeleka mimi. Si Tekla. Mimi. Nilimwambia mkuu wangu ofisini. Nilidhani atacheka."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka paani. Nassibu alinitazama kama mtu aliyeshuka stesheni isiyo yake. Mwingine nyuma akasema, "Mwarabu," na mwingine akamwambia, "Nyamaza, mpumbavu."

Nikolaus aliuliza, "Fundi alipoyasema, alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anacheka. Sote tulicheka."

"Polisi wanalijua hilo?"

"Tumewaambia mara kumi," Nassibu akasema. "Wanasema sisi ni marafiki zake, ushahidi wetu haufai."

Nikolaus akainuka. "Huyu si rafiki yake. Huyu ni mtu wa serikali. Twende, binti. Kwa karani aliyechongea na maiti aliyenunuliwa sanda, watatusikiliza."

Tukaenda kituo cha polisi. Mkuu wa kituo alikuwa na Ndugu Modest mezani kwake. Walikuwa wanapanga ulinzi wa sherehe. Ndugu Modest aliponiona alishika ukingo wa meza.

"Afande," Nikolaus akasema, "nimeambiwa sanda yangu mmeishika. Naidai."

"Mzee, kuna mtu ametamka atakuua."

"Atanizika. Kuua na kuzika ni kazi mbili. Yule ni mtani wangu. Mkimfunga, mimi nikifa nani atawachekesha wanangu?"

Mkuu wa kituo akanigeukia. "Na wewe?"

"Mimi ndiye mtoa habari," nikasema. "Ndugu Modest alisikia kwangu, na mimi nilimpa nusu. Fundi alisema bendi ilikufa bila matanga, kwa hiyo aizike kwanza ndipo ifufuke. Hakuwa na hasira. Nilisikia kwa masikio yangu, dirishani."

"Nimeandikiwa kwamba alitamka kwa hasira."

Chumba kizima kilimtazama Ndugu Modest. Nilijua neno lake moja litanifanya mwongo, na nilijua sina wa kunitetea. Alivua kofia akaiweka mezani. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Neno la hasira niliongeza mimi. Sikuelewa desturi. Nilidhani ndivyo ilivyokuwa."

Selemani alitolewa saa tisa. Amekonda, ndevu zimemjaa. Alimtazama Nikolaus, akasema, "Mpagazi, bado uko hai? Uzembe wa polisi huu."

Wakakumbatiana wakilia kama watoto.

Jumapili, 8 Desemba

Kibali kilirudishwa kwa sharti moja: dansi liishe kabla ya jua kuzama. Nilisimama nje, dirisha la nyuma la ukumbi, mimi na buibui langu, Tekla kando yangu. Hajanisamehe bado. Lakini alikuja na mwavuli mmoja, na ulitutosha wawili.

Mvua juu ya bati, na ndani wao. Sijui kuueleza muziki ule. Reli ilipogongwa niliisikia kwenye meno. Katikati ya dansi Selemani alipanda jukwaani na sanda, Nikolaus akajilaza mwenyewe, akafunikwa mpaka kichwani. Selemani akapiga magoti, akaomboleza: "Lala, mpagazi! Mzigo umeutua, na mshahara tumeula sisi!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Hapo umeme ukakatika. Kukawa na giza la mvua, na sanda ile nyeupe peke yake pale mbele. Kicheko kilikatika pia. Nilimshika Tekla bila kujua.

Kipande cha reli kikagongwa mara moja. Sanda ikainuka, Nikolaus akaanza "Behewa la Mwisho", bila spika, sauti yake tupu. Nassibu alisema kweli, ni nusu. Alipofika pale juu aligeuza uso, na ukumbi wote ukaipokea ile nusu nyingine. Mimi pia. Sijawahi kuimba mbele ya watu tangu nizaliwe.

Walipotoka, Selemani alikuja moja kwa moja dirishani. Nilianza kusema samahani. Hakunisikiliza. Aliinama, akanivua kiatu cha kushoto mguuni, akakitia kwapani.

"Huyu hana mtani mji mzima," aliwaambia watu. "Ndiyo maana hajui maneno ya utani yanabebwaje. Kuanzia leo ni wangu. Faini yake hii."

Nilirudi nyumbani mguu mmoja matopeni. Mama alifungua mlango kabla sijabisha.

Jumatatu, 16 Desemba

Ndugu Modest kaniita. Nahamishiwa Bukene, karani wa kata, kuanzia mwezi ujao. Yeye anarudishwa makao makuu, hajui kwa kazi gani. Mwanawe amepona. Tulipeana mikono. Wa kwake ulikuwa baridi, wangu pia.

Ijumaa, 3 Januari 1975

Mizigo imefungwa. Mama anakuja nami. Naogopa Bukene, sijui nani anakaa huko wala wanacheka nini. Daftari hili nalisahau kwa makusudi kwenye tundu la ukuta, chini ya dirisha langu. Ukiwa umelipata, nirudishie, na hivi ndivyo utakavyonipata.

Panda treni ya Mwanza. Shuka Bukene, mvua ikiwa inanyesha vua viatu kabisa, njia ni tope. Pita maduka, fuata ua wa minyaa mpaka ofisi yenye bendera. Usiulize karani Fakhria, watu wataogopa kwamba umeleta kesi. Uliza mtani wa fundi Selemani. Nitakuwa nimeshawaambia.

Lakini kabla ya kupanda treni, pita kibarazani kwake ukachukue kiatu changu cha kushoto. Atakukatalia. Mwambie nimesema sanda yake nimeshainunua na urefu nimeshapima. Mwambie akiwa na watu wake tu, tafadhali, na uhakikishe unacheka.